Kutembea na Kutalii: Mji wa Maskati Machoni pa Mtu wa Majengo

Katika lugha yetu neno kutembea limebeba mizigo miwili kichwani kwa wakati mmoja: ni kwenda kwa miguu bila ya haraka, na ni kuzuru mahali au jamaa kwa nia ya kuwaona na kujua hali zao. Mtu wa Majengo, hapa Dodoma, akisema kwamba Jumapili iliyopita alikwenda kutembea mtaa wa Kikuyu, msikilizaji hamwulizi kama alikwenda kwa miguu ama kwa bajaji, wala kama aliona majumba ama alimwona shangazi yake, maana neno lenyewe limeyajumlisha yote hayo, na aliyelitunga, Mungu amrehemu, hakuona haja ya kuyatenga. Liko neno jingine, kutalii, tulilolipokea kutoka katika Kiarabu, ambalo kabla ya kuvishwa kofia ya jua na kuning'inizwa kamera shingoni lilikuwa na maana ya kuchungua jambo kwa makini, kama mwanachuoni achunguavyo kitabu.

Swali ninalotaka kulipima hapa limezaliwa na maneno hayo mawili. Katika miji ya Waarabu ya zama hizi, hususan ile ya Ghuba iliyoinuka kwa mali ya mafuta katika umri wa mtu mmoja, kutembea na kutalii vimepeana talaka. Mgeni aweza kuiona fahari yote ya mji, tangu kuba za misikiti hadi majumba ya makumbusho, akarudi kwao bila ya soli ya kiatu chake kugusa vumbi la njia. Je, mgeni huyo ameuona mji? Na ikiwa mji haukuumbwa kwa ajili ya miguu, mtu asiyekuwa na gari aende vipi, aone nini, na aanzie wapi? Nimeufanya mji wa Maskati, makao makuu ya Omani, kuwa mizani ya jambo hili, si kwa kuwa ndio mkubwa au tajiri kuliko mingine, maana Riyadh na Dubai huushinda kwa yote mawili, bali kwa kuwa ndio mji wa Kiarabu ulio karibu nasi zaidi kwa damu, kwa chakula na kwa maneno.

Ukaribu huo haukuishia pwani, kama wengi wadhanivyo. Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani, alipohamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830, biashara aliyoilea ilipanda bara, na misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ilipita papa hapa Ugogo, baada ya kuivuka nyika ya Marenga Mkali isiyokuwa na maji matamu, ikafika kwa watemi waliowatoza hongo ya nguo, shanga na waya kwa ruhusa ya kupita na kuteka visimani. Msafiri wa Kizungu Stanley, aliyepita mwaka 1871, aliinung'unikia hongo hiyo kwa kurasa nyingi, kana kwamba Mgogo hakuwa na haki ya kuyauza maji yake kama Mwingereza auzavyo chai. Waarabu wa Manga, yaani wa Omani, basi, waliijua nchi yetu kwa nyayo: walitembea Ugogo, kwa maana zote mbili za neno, kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Ni kioja cha dunia kwamba sisi leo, tukienda kwao, tutaambiwa kuwa kutembea hakufai.

Wala taabu ya miguu katika Omani si jambo la jana. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331 na kutoka huku akatweka kwenda Dhofar, anasimulia jinsi alivyoshuka pwani ya Sur, akauona mji wa Qalhat kwa mbali, akadhani uko karibu, akaazimu kwenda kwa miguu pamoja na kiongozi aliyembebea nguo. Umbali ulikuwa mara nyingi ya ule wa macho. Kiongozi naye akageuka kuwa mtu wa kuchungwa badala ya kufuatwa, kwani nia yake ilikuwa juu ya zile nguo. Na alipowasili mlangoni mwa mji miguu ya msafiri mashuhuri kuliko wote wa Kiislamu ilikuwa imevimba ndani ya viatu hata damu ikakaribia kuchuruzika chini ya kucha. Alikaa siku sita kwa mwenyeji wake, liwali wa mji, asiweze kusimama. Magofu ya Qalhat yameandikwa katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2018, na mgeni wa leo huyafikia kwa gari.

Kabla ya kuingia katika Maskati ya sasa ni lazima kuielewa ile iliyokufa juzi. Hadi mwaka 1970 Maskati ulikuwa mji mdogo ndani ya ukuta, umebanwa baina ya majabali meusi na bahari, na milango yake ikifungwa saa tatu baada ya jua kuchwa, mzinga ukisha kulia. Na aliyelazimika kupita njiani baada ya hapo sharti abebe fanusi aonekane uso, la sivyo alijitafutia balaa. Barabara ya lami katika nchi nzima ilikuwa takriban kilomita 10, na shule za serikali zilikuwa 3. Tarehe 23 Julai 1970 Sultani Qaboos alishika utawala mahali pa baba yake, na tangu siku hiyo hadi kufariki kwake Januari 2020 nchi ilijengwa kwa kasi ya mtu anayelipa deni la karne. Sasa zingatia wakati wenyewe: mji uliokuwa ukingoja kujengwa ulijengwa katika miaka ya 1970 na 1980, wakati ambapo mafuta yalitoka ardhini, gari lilikuwa ndiyo alama ya ustaarabu duniani kote, na petroli ilikuwa rahisi. Mji uliozaliwa saa hiyo ungewezaje kuumbwa kwa sura nyingine? Sioni sababu ya kuwalaumu waliouchora. Walichora kile ambacho dunia nzima, pamoja na sisi, ilikuwa ikikitamani.

Fauka ya hayo, maumbile yenyewe yalisaidia. Maskati si mji mmoja bali ni mkufu wa vijiji na mitaa iliyotungwa baina ya milima ya Hajar na bahari: Maskati ya kale, Mutrah, Ruwi iliyojificha nyuma ya jabali, Qurum, Al Khuwair, Ghubra, Azaiba, hata Seeb upande wa magharibi, kwa urefu wa makumi ya kilomita, na uzi unaoishika shanga hizo ni barabara kuu iliyopewa jina la Sultani Qaboos, pana, nyoofu, yenye maua kando yake, na isiyokatika. Baina ya mtaa na mtaa yako mabonde makavu, wadi kwa lugha yao, ambayo mtu wa Dodoma atayatambua mara moja, kwa kuwa ni yale yale makorongo yetu: mchanga mtupu miezi kumi na moja, na mto wenye hasira siku moja. Mwezi Juni 2007 tufani iliyoitwa Gonu iliyajaza mabonde hayo, ikang'oa barabara na kuua watu kadhaa, na watu wakakumbuka kwamba maji hayasahau njia yake. Juu ya yote hayo liko jua. Huko Quriyat, kusini kidogo ya Maskati, tarehe 26 Juni 2018 joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 usiku kucha, jambo ambalo halikuwahi kuandikwa mahali pengine duniani.

Nililijua hilo kwa kulisoma. Nikaja kulijua kwa miguu. Nilifika mwisho wa Septemba, nikapanga chumba Al Khuwair, na siku ya pili nikaona ng'ambo ya barabara kuu duka la dawa nililolihitaji, ambalo kwa macho yangu lilikuwa hatua 200 na zisizidi. Kwa mtu aliyelelewa Majengo, ambako unavuka njia kwenda kununua chumvi na kurudi na habari za mtaa mzima, hilo halikuwa safari. Lakini barabara ile haivukiki. Ina uzio, ina magari yanayopita kama mishale, na pa kuvukia ni huko mbali penye daraja, ambako kwenyewe hakufikiwi kwa njia ya miguu iliyonyooka bali kwa kukata mchanga, kuruka vikingio na kuzunguka viwanja vya kuegesha magari. Nilitumia karibu saa nzima. Yule Ibn Battuta nilimkumbuka kwa upendo wa ndugu. Hatimaye teksi ilisimama kando yangu, na dereva, mtu mzima mwenye kanzu nyeupe na kofia, akanisemesha kwa Kiarabu. Nilipojibu kwa kigugumizi na neno samahani likanitoka, aliangua kicheko.

"Kumbe wa kwetu! Ingia, ami, ingia. Wallahi hapa hatembei mtu saa hizi ila aliyeharibikiwa gari."

Sentensi ile ina uchambuzi mzima ndani yake, nami ningeweza kuishia hapo. Lakini haimsaidii msafiri atakayefuata, na kwa hiyo yafaa kueleza namna za kwenda. Teksi za Maskati zina rangi nyeupe na chungwa, na kazi ya kuziendesha imewekewa sheria kwamba ni ya wananchi wa Omani peke yao. Ndiyo sababu, katika mji ambamo wahudumu wa maduka na mikahawa aghalabu ni wageni kutoka Bara Hindi, dereva wa teksi ndiye mwenyeji wa kwanza atakayezungumza nawe, na mara nyingi kuliko utakavyotazamia atazungumza Kiswahili cha Unguja kilichonyooka kuliko chako. Kwa desturi ya zamani teksi haikuwa na mita, bei ilipatanwa kabla ya mlango kufungwa, na abiria aliyeweza kuvumilia wenziwe alilipa sehemu yake tu kama katika daladala. Siku hizi ziko programu za simu, ambazo huonyesha bei mapema na kumwondolea mgeni aibu ya kubembeleza. Fedha yao ni riali, igawanywayo kwa baisa 1,000. Neno hilo baisa ni ndugu wa tumbo moja na pesa yetu, yote mawili yakiwa yametoka kwa paisa ya Wahindi, ila riali moja ni mali nyingi, nayo humfanya mtu wa shilingi ahesabu mara mbili kabla ya kunywa maji ya chupa.

Mabasi ndiyo habari njema. Mwaka 2015 shirika la usafiri la serikali, lililoanzishwa mwaka 1972, lilijifufua kwa jina la Mwasalat, likaleta mabasi mekundu yenye ubaridi ndani, ratiba na namba. Namba 1 huunganisha Ruwi na Mabela, karibu urefu wote wa mji, na namba 4 hutoka Ruwi kwenda Mutrah. Nauli haifiki riali moja. Niliyapanda mara nyingi na nikaona kwamba abiria wake ni vibarua, wahudumu, wanafunzi, na watalii wasio na haya. Mwenyeji mwenye gari hayajui hata yanakosimama, kama vile mwenye gari wa Dodoma asivyojua daladala ya Nkuhungu inapakia wapi. Basi hukufikisha kituoni salama. Kutoka kituoni hadi mlango unaokwenda, hapo ndipo penye kazi, kwa kuwa njia ya miguu huanza vizuri, ikaendelea mita 50, kisha ikakoma ghafula kama hadithi ya mtu aliyesinzia.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya pa kuanzia ni moja, nayo siibadili: anza Mutrah. Huu ndio mtaa pekee wa Maskati ulioumbwa kabla ya gari na ukabaki hai, si kwa kuhifadhiwa kama maiti ya mfalme, bali kwa kufanya kazi. Njia ya pwani imejipinda kufuata ghuba, upande mmoja bahari, upande wa pili nyumba nyeupe za wafanyabiashara zenye roshani za mbao ambazo mtu wa Unguja angezidai kuwa zake. Na bandari iliyo mbele yake, tangu meli za shehena zilipohamishiwa Sohar mwaka 2014, imeachiwa mashua za wavuvi na meli kubwa za watalii. Nenda alfajiri, baada ya sala, ukaanzie soko la samaki, jumba jipya lililofunguliwa mwaka 2017 kwa mchoro wa wasanifu majengo wa Norway, lenye paa lililokatwa mistari mistari hata kivuli chake kinacheza sakafuni kama maji. Humo utaona jodari waliolazwa safu, nguru, kolekole na papa, na utasikia wauzaji wakiita bei. Mimi ni mtu wa bara niliyekulia samaki wa Mtera waliokaushwa, na nilisimama pale kwa muda mrefu kuliko heshima iruhusuvyo.

Kisha ingia sokoni. Jina lake la zamani ni Soko la Giza, kwa kuwa vichochoro vyake vilivyoezekwa haviruhusu jua kuingia, na mgeni aliyekwisha kuonja barabara kuu saa saba mchana atajua kwamba jina hilo si tusi bali ni sifa. Hapa ndipo nilipoelewa jambo ambalo wasanifu wa miji mipya walilisahau na mafundi wasiojua kusoma walilijua: katika nchi ya jua, njia si ardhi unayoikanyaga, njia ni kivuli kilicho juu yako. Vichochoro ni vyembamba makusudi, vimepindwa makusudi ili upepo wa bahari uingie na jua likwame, na kila mita chache pana duka lenye kijibenchi, yaani pana sababu ya kusimama. Hakuna anayeharakisha, maana hakuna nafasi ya kuharakisha. Utakuta ubani wa Dhofar umepangwa kwa daraja, ule wa rangi ya maziwa ya kijani ukiwa juu kwa bei na ule mwekundu chini; utakuta majambia ya fedha, udi, na halua ikikorogwa katika masufuria ya shaba; na utakuta kofia. Juu ya kofia nitasema neno. Hiyo kofia ya nakshi za sindano ambayo Muomani huivaa leo kama sehemu ya vazi la taifa lake ilifika huko kutoka pwani yetu, na akina mama wa Maskati waliorudi kutoka Unguja ndio walioendelea kuishona; kwa hiyo mtalii wa Kizungu ainunuapo kwa kumbukumbu ya Uarabuni, amenunua, bila ya kujua, kipande cha Uswahili.

Jirani na soko upo mtaa wa Walawati, uliozungukwa na ukuta wake na wenye lango linaloangalia bahari. Wakazi wake ni wafanyabiashara wa Kishia wenye asili ya Sindi na Kachi, na kwa desturi mgeni haingii ila kwa mwaliko. Wengi hukasirika. Mimi nimeona kuwa ni vyema mji uwe na mahali pasipoingilika kwa kiingilio, na nikapita nje yake kwa adabu. Jambo la kukumbuka ni kwamba maduka hufungwa mchana, takriban saa saba hadi saa kumi, kwa ajili ya kailula, yaani usingizi wa adhuhuri, na Ijumaa asubuhi soko karibu lote hulala. Mapumziko ya juma tangu mwaka 2013 ni Ijumaa na Jumamosi. Anayepuuza saa za mji ataona milango tu.

Kutoka Mutrah mwenye miguu aweza kuifuata pwani, akiupita ule mnara wenye umbo la chetezo kikubwa juu ya kilima cha Riyam, hadi Maskati ya kale. Jioni ni matembezi mazuri, mchana ni toba. Ngome mbili, Jalali na Mirani, zimekaa juu ya miamba yake huku na huku kama walinzi wawili wasiosemezana. Wareno waliziimarisha katika miaka ya 1580, na ambaye amekwisha kuiona Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyoanzwa mwaka 1593, atawatambua ndugu wa ukoo mmoja, maana ukoo ule ule ulifukuzwa Maskati mwaka 1650 na Mombasa mwaka 1698. Baina ya ngome hizo lipo kasri la Al Alam, lililojengwa mwaka 1972, lenye nguzo za buluu na dhahabu, ambalo hupigwa picha kutoka nje; na mbele yake Jumba la Makumbusho la Taifa, lililofunguliwa mwaka 2016, ambalo lastahili asubuhi nzima. Mji wenyewe, hata hivyo, umenyamaza. Wakazi wengi wamehama, nyumba zimepisha ofisi na viwanja vya nyasi, na nilipita pale dakika 20 bila ya kusikia mtoto akilia.

Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, ulioanza kujengwa mwaka 1995 na kufunguliwa mwaka 2001, hauhitaji sifa zangu, lakini tarakimu zake zatosha kumnyamazisha msemaji: ukumbi wake mkuu wachukua watu 6,500 na uwanja pamoja na viunga vyake hadi 20,000, mawe yake ya mchanga, tani 300,000, yaliletwa kutoka India, taa ya kuning'inia ina urefu wa mita 14, na busati moja, lililofumwa kwa mafundo milioni 1,700, liliwakalisha wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Wasiokuwa Waislamu hukaribishwa kutoka saa mbili hadi saa tano asubuhi, isipokuwa Ijumaa, nao sharti wajistiri, na wanawake wajifunike nywele. Niliswali pale adhuhuri, na nakiri kwamba moyo wangu ulitulia zaidi sakafuni kuliko ulivyopanda darini. Nitasema pia nililoliona nje: msikiti umezungukwa na bustani, na bustani imezungukwa na barabara, hata muumini wa jirani huenda kuswali kwa gari. Hapa kwetu Msikiti wa Gaddafi, ulio mkubwa kuliko yote ya Dodoma, hujazwa Ijumaa na watu wanaokwenda kwa miguu wakitoka sokoni na maofisini, na mazungumzo ya kurudi ni nusu ya baraka. Juu ya jumba la opera la mwaka 2011 sitasema mengi, ila ni jeupe, lina fahari, na tiketi yake ingeninunulia mbuzi.

Lakini kutembea, nilisema mwanzoni, ni pia kuwatembelea watu, na hapo ndipo Maskati ulipolipa deni lake lote. Baada ya mapinduzi ya Unguja ya Januari 1964, na zaidi baada ya mwaka 1970 Sultani Qaboos alipowaita Waomani walioko ng'ambo warudi wakaijenge nchi, maelfu walikwenda wakiwa na elimu, ufundi na lugha ya Kiswahili, wakaingia katika shule, hospitali na ofisi zilizokuwa zikihitaji kila mkono. Yule dereva wa teksi alinichukua jioni moja hadi nyumbani kwa wazazi wake Seeb. Ukuta mrefu, lango la chuma, njia isiyokuwa na mtu hata mmoja. Ningepita mara mia nikadhani ni mtaa wa mahame. Nyuma ya lango palikuwa na baraza, mkeka, birika la kahawa, tende, mandazi na mishkaki, na mama mzee aliyezaliwa Unguja, ambaye hakuniuliza habari za safari bali aliniuliza, "Mwanangu, mvua zimenyesha huko?" Swali la mkulima, katika nyumba isiyokuwa na shamba. Nilikaa hadi saa tano usiku. Mzee mwenye nyumba aliniambia kwamba alipokuwa kijana wa Malindi, Unguja, baraza lilikuwa nje, njiani, na mpita njia alisalimiwa hata kama hajulikani; huku wamelichukua baraza wakaliingiza ndani ya ukuta, kwa kuwa nje hakuna tena apitaye. Sikusikia maelezo ya mji wa kisasa yaliyo bora kuliko hayo kwa mhandisi yeyote.

Haifai kudhani kwamba Waarabu wenyewe hawalijui hili. Cairo ilichimba reli yake ya chini ya ardhi mapema, mwaka 1987, kabla ya mji mwingine wowote wa Afrika. Dubai ilifungua yake mwaka 2009, na bado kwa dirhamu moja huvusha watu hori lake kwa mashua ndogo ziitwazo abra, safari ambayo naiona bora kuliko kupanda mnara wa Burj Khalifa kwa mita zake 828. Doha ikafuata mwaka 2019. Na Riyadh, mji uliokuwa mtumwa wa gari kuliko yote, ulianza mwezi Desemba 2024 kufungua njia za reli zenye urefu wa kilomita 176. Miji hiyo inatumia mamilioni kwa mamilioni kuirudisha miguu iliyoifukuza bure.

Nami ningalinyamaza, mambo ya watu yakabaki ya watu, kama nisingalirudi Dodoma. Mwaka 1973 TANU iliamua makao makuu yahamie hapa, na mwaka 1976 wataalamu kutoka Toronto walimaliza ramani ya mji iliyokusudia jambo la nadra kwa zama zile: mitaa midogo yenye shule, soko na zahanati za kufikiwa kwa miguu, iliyounganishwa kwa njia ya mabasi, na gari la mtu binafsi likae nyuma. Mji wenyewe ulichelewa. Ulipokuja, ulikuja kwa haraka, na ulikuja na mji wa serikali wa Mtumba, kilomita zipatazo 17 kutoka hapa, wenye barabara pana, majumba yaliyokaa mbalimbali, na jua baina yake. Barabara ya mzunguko ina kilomita 112. Reli mpya kutoka Dar es Salaam, iliyozinduliwa Agosti 2024, hukuleta kwa raha hadi stesheni, na kutoka stesheni, basi, ni wewe na bajaji yako. Kila nikienda Mtumba kwa shughuli naona karani akivuka uwanja mtupu na bahasha kichwani, ameifanya mwavuli, nami namkumbuka mtu mmoja wa Al Khuwair.

Majengo, kwa upande wake, ni mtaa wa njia nyembamba, vibaraza mbele ya nyumba, na soko katikati, na wengi husema kwamba umechakaa na wakati wake umepita. Nawaomba wenye kalamu za kuchora mji huu, kabla ya kuongeza barabara nyingine ya njia nne, waje siku moja saa saba mchana, watoke Soko la Majengo hadi stesheni kwa miguu, kisha waende Mtumba wakatembee umbali ule ule. Na wakisha kupumzika, wapande miti kando ya njia za miguu kwanza.